Usukani Mwepesi

Esperansia alijifunza kuendesha gari wakati wa wakimbizi wa Rwanda, alipokuwa akigawa chakula kambini Benaco. Shirika lililomwajiri lilikuwa na pikapu nyingi kuliko madereva, basi wakampeleka yeye na mwenzake mmoja kufundishwa, na kwa miaka michache akawa anasambaza unga na mafuta ya kula kwenye mahema. Kambi zilipofungwa alirudi Murusagamba kwa mumewe na migomba yake. Hakushika tena usukani kwa zaidi ya miaka ishirini, na wala hakuutamani.

Mumewe, Celestini, alikuwa na gari, ila lile halikuwa gari la kuendeshwa na mtu mwingine. Lilikuwa Datsun ya michezo ya zamani, fupi, yenye milango miwili, viti viwili na pua ndefu, rangi yake ya chungwa imepauka kwa jua. Ujanani Celestini alikuwa fundi wa mfanyabiashara mmoja wa Mwanza aliyependa mashindano ya magari. Bwana yule alipohamia Kanada na familia yake alimwachia gari hilo kama shukrani. Celestini akalileta Murusagamba, watu wakasema halitamaliza mwaka kwenye mawe yale. Lilimaliza mwaka huo na mingine mingi. Alilitunza kwa mikono yake; kipuri kikifa alitafuta cha aina ileile, hata kama ilimbidi asubiri miezi. Mtu akimshauri aweke redio au abadilishe taa, alimtazama kama mtu aliyemshauri abadilishe jina la ubatizo.

Kisha kiharusi kikampata. Kilimkuta shambani akipogolea migomba, na walipomfikisha hospitali upande wake wa kushoto ulikuwa umelegea wote, mkono na mguu. Mdomo ulipinda. Maneno yakawa yanatoka mazito, yamevurugika, kama ya mtu anayeongea huku anatafuna. Daktari akasema atapona kwa kiasi, ila mazoezi ya viungo ni lazima kila wiki, mjini Ngara.

Bodaboda haikuweza kumbeba mtu asiyeweza kukaa wima. Gari la kukodi lingewamaliza. Likabaki Datsun, na wa kuiendesha akabaki Esperansia.

Siku ya kwanza Celestini alimpa ufunguo bila kumtazama. Esperansia aliketi, miguu ikinyooka mbele kama amekaa chini sakafuni, akawasha, akajaribu kugeuza gari kutoka uani. Usukani haukusogea. Alifikiri umefungwa. Akavuta kwa mikono yote miwili, akaegemeza na kifua, ndipo ukazunguka taratibu kama jiwe la kusagia. Gari hilo halikutengenezwa na msaada wowote wa usukani. Nguvu zote ni za mikono ya dereva, na Celestini alikuwa ameliwekea tairi pana mbele ili lishike barabara vizuri. Likiwa kasi lilikuwa jepesi. Likiwa polepole, kwenye kona za mlimani au kurudi nyuma, lilihitaji mabega ya mwanamume.

Akawa anaenda hivyo kila wiki. Alfajiri anamwogesha mumewe, anamvalisha, anamtoa nje akimkumbatia kifuani, anamwinamisha ili kichwa chake kisigonge ukingo wa paa, anauingiza mguu wa kushoto kwa mkono. Fimbo na begi la nguo za akiba anavitupa nyuma ya viti. Halafu barabara ya mawe mpaka Rulenge, kona baada ya kona, na kutoka hapo mpaka Ngara. Jioni anayarudia yote kinyumenyume. Kesho yake kuna ng'ombe, kuna shamba, kuna maji, kuna kumgeuza kitandani ili asipate vidonda. Gari lilikuwa la watu wawili, kwa hiyo hata jirani aliyejitolea kwenda kumsaidia kumshusha mgonjwa asingekuwa na pa kukaa.

Bega lake la kulia ndilo lililoanza. Mwanzoni lilimuuma usiku tu. Baadaye akawa hawezi kutwanga kisamvu, hawezi kubeba ndoo bila mtu wa kumtwisha. Alilipaka dawa ya kuchua, akaendelea.

Watoto wao wawili hawakujua mama yao anavyotaabika. Mdogo, Derick, alikuwa kazini kwenye meli nchi za mbali. Mkubwa, Jovina, alikuwa ameolewa Kahama na alifundisha shule ya msingi. Alikuja mara moja, wiki ile ya hospitali, baba yake akiwa bado hawezi kutamka chochote, akarudi kwa sababu ya wanawe. Tangu hapo, kila Jovina alipopiga simu, Celestini alitikisa kichwa akikataa kuongea. Hakutaka asikike na sauti ile. Akamkazia macho mkewe mpaka aseme ile sentensi aliyokuwa anaitaka.

"Tunaendelea vizuri," Esperansia alimwambia binti yake. "Baba yako amepumzika. Anakusalimia."

Kipindi cha mvua za mwanzo, wakirudi kutoka Ngara, karibu kabisa na nyumbani, Esperansia alishindwa kukata kona. Aliiona vizuri. Aliuvuta usukani na bega likagoma, mkono ukafa katikati ya kuvuta. Datsun ikaacha barabara polepole, ikaingia kwenye muhogo wa watu na kusimama ikiwa imeinamia upande. Hakuna aliyeumia. Wanaume waliokuwa wanatoka sokoni Bugarama wakaja, wakalisukuma gari wakiwa wanacheka kidogo, wakamsifu mama kwa ujasiri wake, wakaondoka.

Esperansia hakuwasha gari.

"Baba Jovina," alisema, "mimi sitaendesha tena hiki kitu hivi kilivyo. Ama usukani utengenezwe uwe mwepesi, ama tusiende tena Ngara."

Celestini alichukua muda kupanga maneno. "Gari halitaguswa."

"Basi utakaa ndani."

Wakakaa pale mpaka vioo vikaingia ukungu kwa pumzi zao.

Abeli, mpwa wa Celestini aliyekuwa dereva wa fuso, ndiye aliyemwambia Esperansia habari za fundi mmoja wa Biharamulo. Alisema jamaa huyo huchukua mota ya umeme inayosaidia usukani kwenye vigari vidogo vilivyopata ajali, na kuifunga kwenye magari ya zamani, hata pikapu za miaka ya sabini. Esperansia alimpigia. Fundi akauliza maswali mawili matatu, akasema waje.

Alimwambia mumewe asubuhi, akiwa anamvalisha soksi. "Tunaenda Biharamulo. Nimeshaongea na fundi. Kama hutaki, niambie sasa hivi kabla sijakubeba."

Celestini alimtazama mikono. Vidole vilikuwa vimevimba. Hakusema anataka wala hataki; aliuinua mguu wake mzuri ili amvalishe soksi ya pili.

Gereji ilikuwa nyuma ya stendi, chini ya bati, katikati ya mabodi ya magari yasiyo na injini. Fundi aliitwa Bulugu, Msukuma mnene mwenye sauti ya chini, wa makamo. Alimshika Celestini mkono wa kulia kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Hili gari nimelisikia tu. Sijawahi kuligusa." Alizunguka gari lote kabla ya kusema tena. "Mama, nitakueleza ninachotaka kufanya, halafu mzee akiruhusu ndipo nianze. Hii nguzo inayobeba usukani naitoa. Naikata katikati, nachomelea mota ndogo hapa, inakaa chini ya dashibodi, mtu haioni. Mota inakula umeme wa betri. Ukianza kuzungusha, yenyewe inahisi na kukusukumia. Ikizimika, gari linarudi kwenye uzito wake wa zamani tu. Halikuachi njiani."

"Utakata bodi?" Celestini aliuliza. Bulugu hakuelewa, akamtazama Esperansia.

"Anauliza kama utakata bodi."

"Hapana mzee. Bodi siigusi. Natoboa matundu mawili ya boliti, basi."

Celestini alifumba macho, akayafumbua, akatikisa kichwa chini mara moja. Hiyo ilikuwa ruhusa.

Walilala nyumba ya wageni ya parokia. Kazi ilichukua siku mbili na zaidi kidogo, na mchana kutwa Celestini alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa gereji, akiangalia. Mashine ya kukatia chuma ilipogusa nguzo ya usukani na cheche kuruka, aligeuza uso pembeni. Baadaye akaugeuza tena na kuangalia mpaka mwisho. Bulugu alipofika kwenye kuunganisha, alimwomba aingie garini aushike usukani usicheze, ili uwe umenyooka sawasawa na tairi. Wakamwingiza. Celestini aliushika kwa mkono wake mmoja, akiegemea, jasho likimtoka, mpaka fundi aliposema tayari.

Esperansia alikaa kwenye benchi. Hakuwa na cha kubeba wala cha kupika. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipokaa mchana bila kazi mkononi, ikamshinda. Kitu hicho hakikumpendeza. Kila alipotulia aliona kama kuna mtu anamwita, akasimama, akaenda kumpangusa mumewe mdomo hata pasipohitajika.

Mwishoni Bulugu alimwonyesha kitufe kidogo cha kuzungusha, amekificha pembeni ya usukani. "Huku unaongeza wepesi, huku unapunguza. Mimi nashauri ukae katikati mpaka uzoee."

Esperansia aliwasha gari. Akashika usukani kwa vidole, akauzungusha gari likiwa limesimama. Tairi zikageuka. Akauzungusha upande wa pili. Akaegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Uko sawa, mama?"

"Niko sawa, mwanangu. Asante sana."

Alikizungusha kile kitufe mpaka mwisho, upande wa wepesi.

Waliondoka Biharamulo kabla ya saa sita mchana. Barabara ya kwenda Lusahunga ilikuwa tupu, msitu pande zote mbili, na Datsun ilinyooka kama imefurahi kurudi kwenye lami. Celestini alikuwa akitazama mikono ya mkewe, jinsi ilivyokaa tu juu ya usukani bila mshipa hata mmoja kusimama.

"Ni kama hakuna kitu," Esperansia alimwambia. "Unaona? Kidole kimoja."

"Naona."

"Umekasirika?"

Alifikiri. "Kidogo."

Baada ya Lusahunga wakaanza kukutana na malori ya kwenda Rwanda na Burundi, mengine yakienda, mengine yakirudi, kila moja likiwapiga na upepo wake. Jua lilikuwa limesimama utosini. Esperansia alikuwa ameamini kwa miezi yote ile kwamba uchovu wake unakaa kwenye mabega, na kwamba usukani ukipona na yeye atapona. Sasa mabega hayakuwa na kazi, na uchovu ulikuwepo vilevile. Ulikuwa miguuni, mgongoni, nyuma ya macho. Ulikuwa umeenea mwili mzima. Usukani mzito ulikuwa ukimlazimisha kukaza meno, na kukaza meno ndiko kulikomweka macho. Alifungua kioo. Akajipiga shavu. Akaanza kusali rozari kwa sauti ndogo, na mahali fulani karibu na Nyakahura, katikati ya Salamu Maria, sauti ikakatika.

Gari likaanza kwenda kulia. Liliteleza taratibu, bila kelele, likavuka mstari wa katikati. Mbele kulikuwa na lori refu lenye turubai la bluu, limeshawasha taa na linapiga honi.

Celestini alipaza sauti, lakini sauti yake haikuwa na nguvu ya kumwamsha mtu. Akanyoosha mkono wa kulia, ule mzima, uliokuwa upande wa dereva. Akaushika usukani kwa juu na kuuvuta kwake. Ulimfuata. Datsun ikarudi upande wake, ikalikwepa lori, tairi za kushoto zikashuka kwenye kokoto. Honi ilipowapita Esperansia aliamka, akakanyaga breki kwa nguvu. Gari likayumba, likasimama kwenye nyasi.

Injini ilizimika. Lori halikusimama.

Mkono wa Celestini ulikuwa bado kwenye usukani. Esperansia aliutazama, akatazama barabara, akaelewa. Angelia, lakini hata hilo lilitaka nguvu.

"Nimechoka, Baba Jovina."

"Najua."

"Nimechoka mpaka sijui nifanye nini."

"Najua." Kisha, akilipanga kila neno kivyake: "Lala. Hapa hapa. Mimi naangalia."

"Utaangalia nini?"

"Barabara."

Esperansia aliiwasha Datsun, akaisogeza mpaka kwenye kivuli cha miti iliyokuwa mbali kidogo na lami, akavuta breki ya mkono, akaegemeza kichwa kwenye mlango. Alitaka kumuuliza kama ana kiu. Hakufika mwisho wa swali.

Alilala mchana ule kama mtu aliyenyweshwa dawa. Mama mmoja mwenye beseni la ndizi mbivu alikaribia dirishani. Celestini akaweka kidole mdomoni, yule mama akatazama ndani, akaondoka kwa kunyata. Dereva wa gari dogo lililoharibika mbele yao alikuja kuuliza kama wana jeki. Celestini akamwonyesha nyuma kwa kichwa, dereva akaichukua mwenyewe, akairudisha baadaye, na mlango hakuufunga kwa nguvu.

Celestini alimtazama mkewe. Mdomo wake ulikuwa wazi. Nywele zilizotoka kwenye kitambaa zilikuwa nyeupe, na hakujua zilianza lini kuwa nyeupe. Gari lilikuwa lake kwa miaka yote hiyo na alijua kila boliti yake.

Simu ya Esperansia ilikuwa kwenye pochi, katikati ya viti. Aliitoa kwa mkono wa kulia, akaiweka pajani, akabonyeza kwa kidole gumba mpaka akalipata jina. Iliita kwa muda. Kulikuwa na kelele za watoto wa shule.

"Shikamoo mama."

"Jovina," alisema.

"Nani mwenzangu?"

"Jovina."

"Samahani, sikusikii vizuri. Nani anaongea na simu ya mama? Mama yuko wapi?"

Celestini akaushika upande uliopinda wa mdomo kwa mgongo wa mkono, akiwa ameibana simu begani. "Ni mimi. Baba."

Upande wa pili mtu akafunga mlango, kelele za watoto zikapungua.

"Baba. Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama yako amelala."

"Anaumwa?"

"Amechoka. Nilimkataza kukwambia. Mimi ndiye." Alipumzika. "Nusura tufe leo. Njoo."

Jovina hakuelewa kila neno, lakini hilo la mwisho alilielewa. "Nakuja, baba. Nitaomba ruhusa leo hii. Mko wapi sasa hivi?"

"Njiani. Usipige. Ataamka."

Esperansia aliamka jua limeshaanza kuegemea upande wa Rwanda, shingo imekakamaa. Mumewe alikuwa amekaa vilevile, uso barabarani. Alimwambia alichofanya. Alitegemea atagombezwa, au atashukuriwa. Esperansia alipangusa macho, akasema, "Basi itabidi tumtandikie kitanda cha Derick," akarudisha kile kitufe katikati na kuwasha gari.

Jovina alifika Jumamosi na mwanawe mdogo. Alipomwona mama yake akimwinua baba kutoka kitini aligeuka akatoka nje, akakaa huko kidogo. Aliporudi alikuwa mkali. Alimgombeza mama kwa kuficha, akamgombeza baba kwa kulazimisha kufichwa, akasema maneno mengine ambayo siku ya pili aliyaombea radhi. Wazee hawakubishana naye. Walikuwa wanamsikiliza kama watu wanaosikia mvua inapiga bati nao wako ndani. Mwisho wakakubaliana kwamba Celestini atakaa Kahama mpaka baada ya Pasaka, kwa sababu pale mazoezi yalikuwa karibu na nyumba, na mkwe wao alikuwa mtu mwenye nguvu na mpole. Baada ya Pasaka wangeangalia tena.

Jovina na mumewe walimchukua kwa gari la rafiki yao, lenye viti vya nyuma. Esperansia alimfunga vifungo vya shati, akamwekea mto mgongoni. Celestini alimshika kiwiko.

"Ulale," akamwambia.

"Nitalala. Na wewe usimsumbue mtoto wa watu."

Wiki ya kwanza hakujua la kufanya. Aliamka usiku saa zilezile za kumgeuza, akanyoosha mkono, akakuta shuka. Mara moja alilia, kwa upweke au kwa nafuu, hakujua. Halafu usingizi ukaja. Alilala baada ya misa, alilala mchana mkekani mlango ukiwa wazi, alilala mpaka dada yake aliyeolewa Murukulazo alipokuja kumtembelea na kumkuta amelala, akapika mwenyewe, akala, akamwachia chakula kwenye sufuria na kuondoka. Bega halikupona upesi. Asubuhi za baridi liliuma kama zamani, na nesi wa zahanati alimwambia litachukua muda wake.

Kutoka Kahama habari zilikuwa za kawaida. Celestini alikuwa anatembea na fimbo mpaka chooni peke yake. Alianguka mara moja. Alikuwa anamfundisha mjukuu majina ya spana, na mtoto alikuwa anayatamka kwa kupinda mdomo kama babu, jambo lililomchukiza Jovina na kumchekesha mzee.

Maharage ya Esperansia yalikuwa yamechelewa kuvunwa. Mengine yalikuwa yameshapasuka na kumwagikia ardhini. Alitandika kanga mwanzo wa shamba akaanza kung'oa yaliyobaki, tuta kwa tuta, na kila alipojisikia kukaa alikaa.